Jiko la mkaa linalotengenezeka tena: mwongozo kamili kuanzia udongo hadi sokoni

Jiko la mkaa lenye chungu cha udongo ndani hufa kwa namna moja karibu kila mara. Chungu hupasuka, bati hubaki zima, miguu na vishikio hubaki imara, na jiko lote hutupwa nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba hurudi sokoni kununua jingine, ingawa kilichoharibika ni udongo tu. Hana njia, kwa sababu fundi alikigandisha chungu kwa saruji, tena kwa kipimo chake mwenyewe ambacho fundi wa mtaa wa pili hana.

Hapa nitaeleza namna ya kutengeneza jiko ambalo chungu chake kinatolewa na kurudishwa kingine kwa muda mfupi, na fundi yeyote aliye karibu. Naandika kwa ajili ya vijana wenye karakana ndogo, akina mama wafinyanzi na mafundi bati wanaotaka kitu cha kuuza kinachotumia malighafi ya pale pale walipo. Vipimo nitakavyotoa ni vya jiko la familia ya watu watano au sita. Unaweza kuvibadili, ila badili ukishajua kila kimoja kiliwekwa kwa sababu gani.

Jiko hili limetoka wapi

Umbo la kiuno cha nyigu, pana juu, jembamba katikati, pana chini, lilipatikana Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Agosti 1981 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Katika miaka hiyo wataalamu wa Kenya, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, walilichunguza jiko la ndoo la Thailand, yaani ndoo ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani. Mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mtaani, wakaliunganisha na jiko la bati walilolizoea. Matoleo ya mwanzo yalisumbua, vyungu vikapasuka. Dawa ikawa kukiweka chungu katika nusu ya juu peke yake na kuiacha nusu ya chini iwe chumba cha hewa na majivu. Mwishoni mwa muongo huo jiko la aina hiyo likaingia Dar es Salaam kwa jina la Jiko Bora.

Usanifu haukufungwa kwa hataza. Kila fundi alinakili alivyoona, na ndiyo maana jiko lilienea haraka bila tangazo kubwa. Ndiyo maana pia vipimo vilitawanyika, kila karakana na chungu chake.

Faida yake ni kubwa. Jiko la bati tupu hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 10 hadi 20 ya joto la mkaa. Lenye chungu kilichotengenezwa vizuri hufikisha asilimia 25 hadi 40. Kumbuka pia kwamba kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji la udongo huweza kula kilo 6 hadi 10 za kuni. Mkaa usiowaka bure jikoni ni mti uliobaki porini.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na mkaa wakati Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi. Naunga mkono mkakati huo. Lakini jioni hii kuna mamilioni ya watu watakaowasha mkaa, na wanastahili jiko zuri. Zaidi ya hayo, jiko hili linapokea mkaa mbadala wa pumba, vifuu vya nazi na vumbi la mkaa, kwa hiyo halimfungi mtu kwenye msitu.

Hatua ya kwanza: kaa jikoni kabla ya kushika nyundo

Tafuta wapishi watano wanaotumia mkaa kila siku, angalau mmoja awe mama ntilie. Omba kukaa nao wakipika mlo mzima. Chukua futi na mzani mdogo. Pima kipenyo cha chini cha kila sufuria, pima mkaa kabla na baada, andika ni mara ngapi mpishi anaongeza mkaa, anashika wapi jiko linapohamishwa likiwa la moto, na majivu anayatoa vipi.

Jiko langu la kwanza lilichemsha maji vizuri mno na nilijivunia. Mpishi mmoja wa mtaani kwetu akaweka juu yake sufuria ya ugali wa kilo mbili, akaanza kusonga. Jiko likazunguka sakafuni. Hakusema kitu, aliweka nyayo zake pande mbili za jiko ili lisimame, akaendelea kusonga hadi ugali ukaiva, miguu yake ikiwa sentimita chache kutoka kwenye bati la moto. Tangu siku ile sijatengeneza jiko lenye kitako chembamba kuliko mdomo. Maji hayasongwi. Ukijaribu jiko kwa maji peke yake hutaliona kosa hili mpaka mtu aungue.

Hatua ya pili: vipimo, na sababu zake

Chungu kilichokwisha kuchomwa: kipenyo cha nje juu sm 26, ndani sm 21. Chini, nje sm 20, ndani sm 15. Kimo chote sm 14, ambapo sm 3 za chini ni sakafu yenye matundu na sm 11 ni nafasi ya mkaa. Ukuta unene wake sm 2.5. Ukipunguza ukuta, chungu kinapasuka upesi. Ukiuongeza sana, udongo wenyewe unakula joto kabla sufuria haijapata.

Sakafu ina matundu 19 ya mm 15: moja katikati, 6 kulizunguka, 12 nje ya hayo. Tundu moja lina eneo la kama sm² 1.8, hivyo yote yanafika sm² 34. Mlango wa hewa wa chini usipungue eneo hilo, la sivyo mkaa utakosa pumzi hata matundu yakiwa safi. Mlango wa upana wa sm 8 na kimo cha sm 5 unatoa sm² 40, unatosha. Uwe na kifuniko kinachoteleza au kinachofunguka kwa bawaba, kwa maana wakati wa kuchemsha maharage mpishi anahitaji kuubana moto uwe mdogo kwa saa mbili. Akishindwa kuubana, akiba yote uliyoitafuta kwenye udongo inapotelea mlangoni.

Bati: koni mbili zinazokutana kiunoni. Ya juu ina kipenyo cha sm 28 mdomoni na sm 22 kiunoni, kimo sm 14. Ya chini ni hiyo hiyo, imegeuzwa. Nimezifanya sawa kwa makusudi, kwani kigezo kimoja kinakata zote mbili, mwanafunzi hawezi kuzichanganya, na vipande hupangika kwenye bati bila kuacha mabaki mengi. Kati ya chungu na bati panabaki nafasi ya sm 1 kuzunguka pande zote. Nafasi hiyo ndiyo moyo wa jiko lote na nitairudia.

Kaeni na mafundi wengine wa soko lenu mkubaliane juu ya namba mbili tu: 26 juu na 20 chini. Zikiwa sawa kwa wote, chungu cha karakana yoyote kitaingia kwenye bati la karakana nyingine. Najua wengine wataona hilo ni kumpa mshindani mteja wako. Mimi nimeona wateja wanarudi kwa anayewauzia kitu chenye vipuri.

Hatua ya tatu: udongo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, basi twende polepole.

Chimba chini ya tabaka lenye mizizi, kandokando ya bonde au mto, au tumia udongo wa kichuguu kama ndio ulio karibu. Wafinyanzi wa eneo lenu wanajua mahali tayari. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wamefinyanga vyungu vinavyouzwa ufukweni Matema kwa vizazi. Mtu wa Kyela anayetafuta udongo bila kuwauliza wao anajichosha. Ukichimba, fukia shimo au lifanye bwawa la kumwagilia. Shimo lililoachwa wazi huua mtoto au ng'ombe mvua zikija.

Majaribio ni manne, na hakuna linalohitaji maabara.

La kwanza ni la kukunja. Viringisha udongo mbichi uwe kama penseli, uuzungushe kwenye kidole. Ukikatika, una mchanga mwingi. Ukijikunja bila ufa, unanata vya kutosha, pengine kupita kiasi.

La pili ni la chokaa, na watu wa pwani wasiliruke kamwe. Kamulia ndimu au mwagia siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa mapovu, una chembe za chokaa ya matumbawe. Chembe hizo zikichomwa hugeuka chokaa hai, kisha hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua chungu wiki kadhaa baada ya mteja kukinunua. Mimi niliwahi kurudishiwa vyungu vilivyochomwa vizuri kabisa, vikiwa vimebanduka kama vimepigwa nyundo ndogo ndogo. Nilidhani tanuri ndilo lenye kosa, kumbe ni udongo. Udongo wa namna hiyo uache.

La tatu ni la kusinyaa. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sm 10 juu yake, ukaushe, ukichome, upime tena mstari. Tuseme umebaki sm 9.2: udongo umesinyaa asilimia 8. Sasa gawanya kila kipimo cha chungu kwa 0.92 ili upate kipimo cha kalibu, yaani umbo la kufinyangia chungu. Sm 26 inakuwa sm 28.3, sm 21 inakuwa sm 22.8, tundu la mm 15 linatobolewa kwa bomba la mm 16 hivi. Bila hesabu hii chungu chako hakitaenea kwenye bati, na utalazimika kujaza pengo kwa saruji kama wenzako.

La nne ni la maji. Loweka usiku kucha kipande kilichochomwa. Kikiyeyuka au kulainika, moto haukutosha.

Udongo mtupu haufai kwa moto wa kila siku. Unahitaji chenga na unahitaji nafasi za hewa. Chenga ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Vyenyewe vimekwisha kusinyaa, hivyo hupunguza nyufa. Nafasi za hewa huletwa na unga wa mbao au pumba za mpunga zilizosagwa: ndani ya tanuri zinaungua na kuacha vitundu vidogo vinavyozuia joto lisipite ukutani. Anza na ndoo 4 za udongo, ndoo 1 ya chenga, ndoo 1 ya unga wa mbao. Kisha tengeneza mchanganyiko wa pili wenye nusu ndoo ya unga wa mbao, na wa tatu wenye ndoo moja na nusu. Finyanga vyungu vitatu vya kila aina, uvitie alama A, B na C, uvipikie. Unga wa mbao ukizidi chungu huwa chepesi na hushika joto vizuri, lakini mdomo wake hulika kwa kugongwa na sufuria. Udongo wako ndio utakaoamua.

Loweka udongo siku 3 hadi 7, chuja mawe, changanya, kanyaga kwa miguu mpaka usiskie chenga zikikusanyika mahali pamoja. Funika kwa turubai uuache wiki moja. Udongo uliolala hufinyangika kuliko uliochanganywa jana, na kila mfinyanzi atakwambia hivyo.

Hatua ya nne: kufinyanga na kukausha

Kalibu ya nje inaweza kuwa ya saruji au ya bati nene. Ndani yake nyunyiza majivu makavu ili udongo usigande. Tandaza udongo kwa vipande bapa, piga kwa ngumi kutoka katikati kwenda nje ili hewa isijifiche, kisha zungusha kigezo cha ubao kilichokatwa kwa umbo la ndani la chungu, kikikwangua ziada mpaka ukuta uwe sawa pande zote. Ukuta wenye sm 2 upande mmoja na sm 3 upande wa pili utapasuka, haijalishi udongo ni mzuri kiasi gani.

Baada ya saa kadhaa, kivuli kikiwa kimekikaza, kidole kikibonyeza na kuacha alama tu pasipo kuzama, ndipo utoboe matundu. Yatobolee kutoka chini na uyatanue kidogo upande wa chini. Majivu yanayopita juu yatadondoka bila kukwama njiani. Siku hiyo hiyo pachika mafiga matatu ya udongo mdomoni kama hutaki ya chuma, uyakwaruze na kuyalowesha kabla ya kuyaunganisha. Mimi napendelea ya chuma yaliyofungwa kwenye bati, kwa vile chungu kikibadilishwa mafiga hubaki.

Kaushia kivulini siku 7 hadi 10, masika hata wiki tatu. Siku mbili za mwanzo kifunike mdomo kwa gunia, maana mdomo hukauka kabla ya sakafu na hapo ufa huanza. Kigeuze kila siku. Nilipokuwa na haraka ya oda moja, nilianika vyungu 40 kwenye jua la mchana. Kufika saa kumi, 31 vilikuwa na ufa wa kupasua sakafu kutoka tundu hadi tundu. Udongo mbichi haupotei. Unarudi kwenye pipa la kuloweka. Kazi ya siku tatu ndiyo iliyopotea.

Hatua ya tano: kuchoma

Usichome kwa magogo. Jiko la kuokoa msitu lililochomwa kwa msitu halina maana, na nishati mbadala imejaa mitaani: pumba za mpunga kwenye vinu vya Kilombero, Mbeya, Shinyanga na Mwea, maranda kwenye karakana za seremala, vifuu vya nazi pwani, magunzi kila mahali. Tanuri dogo la tofali la duara, moto chini, vyungu juu, tundu la moshi juu kabisa, linatosha.

Saa 4 za mwanzo moto uwe mdogo sana. Unafukuza maji yaliyobaki ndani ya udongo, na maji yakichemka kwa ghafla hulipua chungu. Weka kioo juu ya tundu la moshi: kikifunga ukungu, maji bado yamo. Kioo kikibaki kikavu ongeza moto kidogo kidogo kwa saa 5 au 6, mpaka vyungu ving'ae wekundu wa ndani, unaoonekana vizuri gizani. Hapo umefika kama nyuzi 800. Ushikilie hapo saa moja. Kupita karibu na nyuzi 573, wakati wa kupanda na wa kushuka, chembe za mchanga hubadilika ukubwa kwa ghafla, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutofungua tanuri mapema. Ziba matundu yote, uende ukalale. Fungua kesho yake mkono wako ukiweza kugusa tofali.

Gonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kilichokufa usikiuze hata kama macho hayaoni ufa.

Hatua ya sita: bati

Pipa la lita 200 ni malighafi nzuri, lakini uliza lilibeba nini. La dawa za mimea au kemikali usiliguse. La mafuta usilikate kwa gesi wala kwa mashine ya cheche likiwa limefungwa: mvuke uliobaki ndani hulipuka. Fungua vifuniko vyote, lijaze maji, limwage, kisha ukate kwa tindo na nyundo. Rangi ya zamani iunguze nje, mahali penye upepo, ukisimama upande upepo unakotoka. Mabati ya kuezekea yenye madini ya zinki yasikae sehemu inayopata moto mkali. Moshi wake ni sumu.

Kigezo cha koni hiki hapa. Chora kwa kamba na msumari duara lenye nusu kipenyo cha sm 66.8, na jingine la sm 52.5 kutoka msumari ule ule. Kwenye duara kubwa pima urefu wa upinde wa sm 88, chora mistari kutoka msumari hadi ncha zake, ongeza sm 2 upande mmoja kwa ajili ya mkunjo. Kata kigezo hicho kwenye bati gumu na ukitunze. Vipange vipande kimoja ndani ya kingine kama magamba ya samaki na ubavu wa pipa moja utatoa nane, yaani majiko manne. Vifuniko viwili vya pipa vinatoa miduara minne ya kitako. Mabaki ni milango, vishikio na masikio ya ribiti.

Unganisha koni mbili kiunoni kwa ribiti. Kabla ya hapo funga ndani ya kiuno vishikizo vitatu vya chuma bapa, kila kimoja kikichomoza sm 2. Hivi ndivyo vitakavyobeba chungu. Weka mlango kwenye koni ya chini, miguu mitatu mifupi, vishikio viwili vyenye mbao au waya uliosokotwa. Mafiga matatu ya chuma yafungwe kwa bawaba ili yalale ndani kwa sufuria ndogo na kukaa wima kwa kubwa. Yanyanyuke sm 1.5 hivi juu ya mdomo wa chungu. Yakiwa chini zaidi moto unakosa pa kutokea. Yakiwa juu sana joto linakwenda kumpasha mpishi.

Hatua ya saba: kupachika chungu bila saruji

Sasa ile nafasi ya sm 1. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo. Ukivigandisha kwa saruji ngumu, kimoja kinavuta na kingine kinakataa, na kinachokataa ndicho kinachovunjika. Mimi najaza kwa majivu ya pumba za mpunga, sehemu 3, na udongo mnato, sehemu 1, yakilowanishwa kidogo tu mpaka yashikane ukiyafumbata. Majivu hayo yanazuia joto vizuri na yanabaki laini ya kutosha kukipa chungu nafasi ya kupumua.

Weka chungu juu ya vishikizo, kipime kiwe katikati, jaza huku ukishindilia kwa kijiti, mdomoni malizia kwa utepe wa udongo wenye chenga. Acha siku tatu. Kisha washa moto mdogo wa saa moja kabla ya kulitia mzigo.

Siku chungu kikivunjika, mimina maji kwenye ukingo, ngoja kidogo, chokonoa kwa bisibisi. Majivu yanatoka, vigae vinatoka, bati liko tayari.

Hatua ya nane: kupima

Chukua jiko lako na jiko la bati la kawaida. Sufuria moja, mkaa wa gunia moja, mahali pasipo upepo. Pima gramu 500 za mkaa kwa kila jiko, chemsha lita 2 za maji, yaache yatokote dakika 30, zima, pima mkaa uliobaki. Rudia mara tatu kwa kila jiko na uchukue wastani. Halafu pika maharage kilo moja kwenye kila jiko. Halafu songa ugali. Andika yote daftarini pamoja na tarehe na alama ya mchanganyiko wa udongo, kwa sababu baada ya miezi sita hutakumbuka C ilikuwa ipi.

Na mweleze kila mteja jambo hili waziwazi: hakuna jiko la mkaa linaloondoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Haina harufu, na huua watu waliolala. Jiko hili nalo lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto, hata mkaa ukiwa umebaki mwekundu kidogo tu.

Bei na soko

Katika hesabu ya gharama watu husahau vilivyovunjika. Kama chungu kimoja kinakugharimu shilingi 1,000 na kati ya vyungu 100 vinavyoingia tanurini 15 vinapasuka, basi kila kimoja kati ya vile 85 kimegharimu shilingi 1,176. Ongeza ujira wako mwenyewe kama unavyomlipa kibarua. Uza chungu cha ziada kwa bei yake peke yake, ukiweke mbele ya duka kionekane.

Kwa Tanzania, anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, la mkoa wenu. Barua yao ya utambulisho huwasaidia wajasiriamali wadogo kuanza safari ya alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Kenya, mlango ni KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, na KEBS, shirika la viwango. Gonga muhuri wako na namba ya kundi kwenye kila chungu kikiwa kibichi, ili kinachorudi ujue kilitoka kwenye udongo gani na moto wa siku gani.

Vilivyorudi usivitupe. Tenga pipa la vigae kando ya mlango, mpe punguzo kila anayeleta chungu chake kilichovunjika, kisha vigae hivyo vitwange, vichekeche kwa wavu wa mm 2, na uvipime: ndoo moja kwa kila ndoo nne za udongo wa kundi linalofuata.